Jina Lililofunikwa kwa Ngozi

Ukumbi mkubwa wa lile kasri ulikuwa na mwangwi wa kujivunia. Mgeni akikohoa, kuta zilikohoa. Akipiga makofi, dari lilimpigia makofi pia, na watoto wa shule waliweza kushinda humo wakiita majina yao na kufurahi kujisikia wakiitwa. Kwa hiyo asubuhi moja Elsie Amolo, mwongoza wageni, aliposimama peke yake mbele ya meko na kulitamka kwa sauti jina la aliyelijenga kasri, alingoja limrudie. Halikurudi. Akapiga makofi, makofi yakarudi. Akalitamka jina mara nyingine, na ukumbi ukalimeza kimya, kama mtu anavyomeza kidonge.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Niite mwoga ukipenda. Nawajua watu wazima wenye akili zao timamu wasioweza kulitaja, na mimi si jasiri kuwashinda. Ukilitaka sana, panda gari la Namanga, shuka ukishapita Isinya, uliza kilima chenye kasri, kisha uinue ngozi inayolifunika kwa mkono wako mwenyewe.

Kasri lilijengwa na mzungu mmoja enzi za ukoloni, mtu wa kiburi kilichohitaji nyumba kubwa ya kukiweka. Mawe ya kijivu yalichongwa palepale kilimani, na chokaa ikachomwa kwenye tanuri ambalo shimo lake linaonekana mpaka leo nyuma ya zizi la farasi. Alitaka mnara wa duara, akaupata, wenye ngazi za kujizungusha kama ganda la konokono. Juu ya kuta alipanga meno ya mawe ya kujificha nyuma yake wakati wa vita, na chini akaacha madirisha membamba ya kurushia risasi, mapana kwa ndani na kwa nje ya kutosha jicho tu. Vita na nani, hakuna aliyejua. Wamasai walikuwa na ng'ombe wa kuchunga na hawakuwa na haja na mawe yake.

Wajenzi walikuwa mafundi kutoka Machakos, na walimwogopa kwa sababu ya fimbo. Ilikuwa fimbo ya kutembelea, yenye ncha ya chuma, na kila jioni alizunguka nayo akigonga mawe yaliyowekwa siku hiyo. Aligonga mara mbili, akainamisha sikio, akagonga tena mara moja. Jiwe likitoa sauti ya uwazi, fundi aliyeliweka alilibeba mgongoni, akashuka nalo kilima na kupanda nalo, mpaka giza liingie. Mmoja wao alianguka na jiwe lake na hakuinuka.

Halafu aliifunga chemchemi ya chini ya kilima ili maji yaende kwa farasi wake. Ulipokuja mwaka wa kiangazi, ng'ombe walionusa maji na kusogea walipigwa risasi kutoka kwenye yale madirisha membamba. Hatimaye yakapata kazi.

Wazee wa pale hawakuchoma nyumba. Walikaa chini, wakakubaliana jambo moja. Kama Wamasai wasivyotaja ovyo jina la mtu aliyekufa, ndivyo jina la huyu lisingetajwa tena na mdomo wowote, na yeye angali hai. Walimzika akiwa anatembea. Alikaa katika kasri lake bila mtu wa kumwita, mkewe akarudi kwao bila kumzalia, na mwisho alikutwa amekaa mbele ya meko, baridi kama jiwe, fimbo mkononi. Juu ya meko alikuwa amechonga jina lake, na chini ya jina alikuwa amelainisha jiwe kwa ajili ya jina la mwanawe. Nafasi ile ilibaki tupu. Ukoo wa Sironka, waliporudishiwa ardhi yao, walifunika mahali pote kwa ngozi ya ng'ombe, na kila ngozi ilipochakaa waliweka nyingine.

Naipanoi Sironka ndiye aliyelifungulia kasri wageni, baada ya ukame kummalizia mifugo. Alikuwa mama wa makamo, msomi, asiyepandisha sauti. Alipomwajiri Elsie alimwambia asimulie kila kitu, boriti za mtarakwa, matao ya milango, chemchemi, hata risasi. Mwenye kasri amwite "yule bwana", na ngozi asiiguse.

Elsie hakuwa mkaidi, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu mkaidi ukimsimulia mikasa yake unajisikia umepona. Huyu alifanya kwa moyo mzuri. Alikuwa mtoto wa Siaya, mke wa Melvin Odero, wakiishi nyumba ya kupanga Kitengela, na tumboni alikuwa na mimba waliyoingoja tangu harusi mpaka watu wa kanisani wakaona haya kuuliza. Kwao, marehemu huitwa. Mtoto akizaliwa akalia bila kukoma, bibi yake huketi karibu na kutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka mtoto anyamaze kwa mojawapo. Hilo ndilo lake. Aliyekufa asiyeitwa na mtu ndiye anayesumbua walio hai, kila Mjaluo anajua. Basi kila alipopita mbele ya ile ngozi Elsie aliona watu wanaomtesa maiti, na siku moja Naipanoi akiwa mjini Kajiado, aliinua ukingo wake akasoma.

Tangu hapo alilitumia jina kila bosi wake alipokuwa mbali. Wageni walilipenda, kwa sababu ukatili ukiwa na jina hunoga zaidi. Nyumbani alifanya mazoezi, akitembea kutoka jikoni hadi sebuleni, mkono juu ya tumbo, akilitamka polepole na kwa haraka, kwa huzuni na kwa kishindo. Mtoto alilisikia jina hilo kabla hajasikia jina la baba yake.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa ya chokaa mbichi, chokaa iliyomwagiwa maji sasa hivi, katika nyumba ambayo haijapakwa chokaa tangu kizazi cha babu zetu. Wageni walifuta pua na kuuliza kama kuna ukarabati. Kisha ubaridi ulianza kukaa kwenye ngazi za mnara saa sita mchana, wakati nje jua linachoma nyasi, na watu waliopanda wakicheka walishuka wamenyamaza, wakijisugua mikono, na hakuna aliyetaka picha.

Siku walipokuja akina mama wa kanisa moja la Kajiado, Elsie aliwakusanya ukumbini akaanza hadithi ya fimbo. Aliposema "akagonga mara mbili," ukuta uligonga mara mbili. Wakacheka, wakampigia makofi, wakidhani ni ujanja wa kuwafurahisha wageni. Elsie alisimama mdomo wazi. Kukawa kimya kidogo, kimya cha mtu aliyeinamisha sikio, halafu pigo moja likasikika, mbali zaidi, upande wa mlango. Mlio ukaanza kutembea, jiwe kwa jiwe, mawili na moja, mawili na moja, ukipita nyuma ya migongo ya wale akina mama waliokuwa wameacha kucheka, ukizunguka ukumbi wote bila haraka kama mtu anayekagua mali yake, mpaka ukafika nyuma ya Elsie na kukoma.

Mama mmoja mzee, kwa huruma, alimwekea Elsie kiganja tumboni ili amwombee. Alikitoa upesi.

"Mama," alimnong'oneza, "hii mtoto yako inagonga."

Elsie aliweka mkono wake mwenyewe. Ilikuwa mara mbili, kimya, halafu mara moja.

Naipanoi alipata habari kabla jioni haijaingia. Alimkuta Elsie amekaa nje kwenye ngazi, akavuta shuka lake na kukaa kando yake, ingawa huwa hakai na wafanyakazi.

"Uliinua ngozi," alisema taratibu.

"Madam, niliona si vibaya. Wageni wanauliza huyo mtu aliitwa nani."

"Hata mimi wananiuliza. Kuna siku nimekufa juu ya kuulizwa?"

Elsie akainamisha kichwa.

"Sikiza. Huyu mtu alikuwa anataka mtoto wa kubeba jina yake. Hakupata. Na sisi tukamnyima hata mdomo. Baba yangu alikuwa ananiambia jina yenye hakuna mtu anaita ni kama moto yenye haiongezwi kuni, inaisha pole pole. Elsie, ilikuwa imebaki jivu. Sasa wewe ukaleta kuni, tena ukiwa na mimba."

"Kwetu ni tofauti, Madam. Sisi wafu tunawaita."

"Mnaita wenu," Naipanoi akasema. "Huyu ni wa nani?"

Machozi yalimtoka Elsie bila sauti.

"Nifanye nini sasa?"

"Nyamaza. Hata kwa akili usimtaje. Enda nyumbani, usirudi hapa mpaka ujifungue. Na mtoto akitoka, mpatie jina ya kwenu haraka, kabla huyu hajajipatia yake."

Kesho yake wazee wa Sironka walimwaga maziwa mbele ya meko na kuweka ngozi mpya. Ukumbi ulitulia. Harufu ya chokaa iliondoka siku hiyohiyo, na Naipanoi akapumua. Laiti angejiuliza imekwenda wapi.

Kitengela, Melvin alikuwa akitoka alfajiri kwenda ofisini Nairobi na kurudi giza likiwa limeingia. Elsie alishinda peke yake. Asubuhi moja jirani wa pembeni, mama mpole aitwaye Ndeti, alibisha hodi.

"Mama, samahani. Mwambie mzee aache kugongagonga ukuta mchana. Niko na mtoto analala."

"Melvin ako kazini, Mama Ndeti."

Ndeti alichungulia ndani juu ya bega lake, akatazama sebule yenye makochi na televisheni na hakuna mtu, akasema sawa, basi, si kitu. Hakubisha hodi tena.

Elsie alimweleza mumewe yote. Melvin hakumcheka. Alimwita mchungaji, na mchungaji aliomba kwa nguvu zake zote, akitembea chumba hadi chumba, jasho likimtoka. Muda wote wa maombi kuta zilinyamaza. Alipotamka "Amina" tu, pigo lilisikika karibu na dirisha, kisha jingine, kisha kimya, kisha moja, kwa adabu kabisa, kama mtu aliyengoja mwenzake amalize kusema. Mchungaji aliahidi kufunga na kuomba. Alifungia kwake.

Jacinta, mama yake Melvin, alifika kutoka Siaya wiki ya kujifungua, na omena zake na unga wake wa wimbi. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Nyara," alimwambia mkaza mwanawe, yaani 'binti yangu' kwa Kijaluo, "nyumba yenu inanuka kama kaburi mpya yenye imepigwa simiti."

"Ni rangi, Mama. Landlord alipaka," Elsie akamdanganya. Alikuwa ameambiwa anyamaze, na alinyamaza hata mahali alipopaswa kusema.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mzito, na hospitali iliwapongeza. Alianza kulia garini wakirudi nyumbani. Alilia usiku kucha na mchana kutwa, si kilio cha mtoto mwenye njaa, kwa maana kila alipopewa titi aliligeuzia uso. Waliyakamua maziwa wakampa kwa kijiko, akayatema. Wakamrudisha hospitali, wakampitishia mpira puani, akatapika kitu cheupe chembamba kama maji ya chokaa. Madaktari walimpima kila walichojua kupima, wakasema hana ugonjwa, na kwamba apelekwe haraka kwenye hospitali kubwa Nairobi. Wakapita nyumbani kuchukua nguo, na Melvin akakimbia kutafuta gari lenye nafasi ya kumlaza mama.

Jacinta alifunga mlango wa chumba cha kulala.

"Daktari amefanya yake," alisema. "Wacha nifanye yangu."

Alikaa kitandani, mtoto mapajani, na kuanza kuita. Alimwita Obura, marehemu mume wake. Mtoto alilia. Alimwita baba yake Obura, na ndugu zake, na mwanamke wa ukoo aliyefia ugenini, na kijana aliyezama ziwani. Aliita upande wake, kisha upande wa akina Elsie, wale aliowakumbuka na wale aliosikia wakisimuliwa. Kwa kila jina mtoto alilia upya na kugeuza kichwa, kama mtu anayerudisha sahani isiyo yake.

Mwishowe bibi alinyamaza, shavu limemlegea.

"Nyara. Wetu wameisha. Kuna mtu mwingine alikuja kwako? Kwa ndoto, kwa kazi, kwa njia? Usinifiche, hii mtoto inaenda."

Na kweli alikuwa anaenda. Kilio kilikuwa kimepungua, si kwa utulivu bali kwa kukosa nguvu, midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, na utosi ulikuwa umebonyea ndani. Elsie alimtazama, akakumbuka maneno ya Naipanoi, na alijua, kama unavyojua njia ya kwenu, kwamba lilikuwepo jina moja ambalo mtoto huyu angelikubali, na kwamba akilitamka atakuwa amempa yule mtu kitu alichokosa maisha yake yote na kifo chake chote, na kwamba asipolitamka atabaki ameshinda, ameshinda kabisa, mama mshindi amekaa kwenye gari la kukodi kuelekea Nairobi na maiti ya mtoto mapajani, na miaka yote ile ya kungoja imeishia hapo. Ukutani, upande wa kichwa cha kitanda, mtu aligonga mara mbili. Hakumalizia. Alikuwa anasikiliza.

Elsie alimchukua mwanawe kutoka kwa bibi yake, akaweka mdomo kwenye sikio lake dogo la moto, na akalitamka.

Mtoto akanyamaza. Alifungua macho, akamtazama mama yake, si kama mtoto mchanga anavyotazama bali kama mtu anavyotazama chumba alichopewa, kisha akalishika titi na kunyonya kwa nguvu mpaka Elsie akauma meno.

Na ndipo, katika chumba kile kidogo cha Kitengela chenye godoro na pazia nene na nguo zimening'inia mlangoni, chumba ambacho hata ukipiga kelele sauti huanguka palepale, jina likarudi. Lilirudi kutoka kuta zote nne, taratibu, mara nyingi, kila mara lilipotamkwa siku zile kasrini likilipwa moja moja, kwa sauti ya mwanamume mzee aliyeridhika. Jacinta aliziba masikio. Elsie alishindwa kuziba yake, kwa sababu mikono yake ilikuwa imembeba mtoto.

Melvin aliingia na habari za gari, akamkuta mwanawe ananyonya, akapiga magoti akamshukuru Mungu. Hawakumwambia. Kanisani alibatizwa jina zuri la Biblia, na hilo ndilo wanalomwita mbele za watu. Akilia sana, Elsie humwinamia na kumnong'oneza jambo sikioni, naye hunyamaza. Jacinta alirudi Siaya mapema, na hajaomba kutumiwa picha.

Mtoto alipoanza kukaa, Naipanoi alikuja kumwona na kibuyu cha maziwa, kama inavyopasa. Alimkuta amekaa kitandani mwake, mnene, mwenye afya, harufu ya chokaa ikimzunguka kama poda. Wamasai humsalimu mtoto kwa kumgusa kichwa, na Naipanoi alinyoosha mkono. Mtoto hakumtazama. Aligonga ubao wa kitanda kwa ngumi yake ndogo, mara mbili, akainamisha sikio kwenye ubao, halafu akagonga mara moja.

Mkono wa Naipanoi ulisimama hewani, kisha ukarudi ndani ya shuka.

"Mlimnyamazisha na nini?" aliuliza, sauti haisikiki vizuri.

Elsie alitazama sakafu. Alisema, "Ako hai, Madam."

"Naona," alijibu Naipanoi, na akaondoka bila kumsalimu mtoto.

Kasri lingali wazi, na nakushauri ulitembelee. Panda mnara, hakuna tena ubaridi, na ukitaka inua ngozi. Lile jina ukilitamka ukumbini siku hizi linakurudia kama jina lolote, jepesi, halina mtu ndani yake. Mwenyewe alishahama.